Majibu Chanya, Habari Mbaya

Wanachuo wenzangu wa fani nyingine mtuvumilie, leo naongelea wodini. Na nyinyi yanawahusu, maana siku moja mtakuja pale mkiuguza mtu.

Kiingereza tulichosoma tangu kidato cha kwanza si kile cha hospitali. "Theatre" wodini siyo mahali pa maigizo, ni chumba cha upasuaji. "Discharge" kwenye faili inaweza kumaanisha mgonjwa karuhusiwa kwenda nyumbani, na ukurasa unaofuata ikawa ni usaha unaotoka kwenye kidonda. "Acute" tunadhani ni kali sana, kumbe inasema tu kwamba ugonjwa umeanza ghafla na si wa muda mrefu. Hata mafua ya kawaida yamo humo. Haya tunayazoea baada ya miezi michache, wala si kesi kubwa.

Kesi inaanza tunapomgeukia mgonjwa. Wapo wenzetu wanaoamini inatosha kutafsiri. Haya, "positive" tukaifanya "chanya". Sasa mwambie mama aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri kwamba kipimo chake cha virusi vya UKIMWI kimetoka chanya. Si ndiyo ile ya mtazamo chanya, mchango chanya, mabadiliko chanya, tunayoisikia kwenye kila hotuba? Atamshukuru Mungu na kuaga. Maabara walimaanisha kwamba walichokitafuta wamekiona, basi. Kwa nini tusiseme hivyo hivyo: vimeonekana, havijaonekana?

"Sugu" ndiyo inayoniudhi zaidi. Kisukari tunakiita ugonjwa sugu, tukimaanisha utakaa nacho miaka. Lakini malaria sugu ni ile iliyoshindikana kwa dawa, na mhalifu sugu ni yule asiyerekebishika. Mzee akiambiwa ana ugonjwa sugu, anachosikia ni kwamba dawa hazimsaidii. Halafu mwezi ujao tunashangaa kaacha vidonge, tunamwandika mkaidi! Na ndugu wakiambiwa "moyo umefeli", wengine wanaanza kulia pale pale, wakati mgonjwa yuko hai na moyo unadunda, ila hausukumi damu ya kutosha.

Naye mgonjwa ana lugha yake. Akisema ana presha, huenda alishapimwa na kuanzishiwa dawa, huenda moyo unamwenda mbio, huenda ana mawazo ya ada ya mtoto. Homa ni joto la mwili, na kwa wengi homa ni malaria yenyewe. Usipouliza mara ya pili utaandika Kiingereza safi kabisa cha ugonjwa asiokuwa nao.

Ndiyo maana nasema mtihani wetu wa vitendo uwe na kituo kimoja cha Kiswahili chenye alama zake. Mwanafunzi apewe majibu ya vipimo, akae na mtu asiyesoma udaktari, amweleze, kisha mtu huyo aulizwe ameelewa nini. Asipoelewa, alama hakuna. Nimewapelekea viongozi wa darasa wazo hili, nikajibiwa kwamba Kiswahili kila mtu anakijua. Sawa. Basi likizo hii mwelezeni bibi yenu, bila kutaja sugu, kwa nini anywe dawa ya presha hata siku anazojisikia mzima.