Makumbusho ya Tukuyu Yaanzie Gulioni

Anayetaka kuona kazi za mikono za Wanyakyusa wa zamani anaweza asifike Rungwe kabisa. Aende Herrnhut, mji mdogo nchini Ujerumani, ambako makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1878 yanahifadhi vitu vilivyokusanywa na wamisionari wa Moravian, kanisa lililofungua misheni ya Rungwe mwaka 1891.

Jawabu linalokuja upesi ni kwamba nasi tujenge. Iringa waligeuza boma la Mjerumani kuwa makumbusho mwaka 2016, na Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, ina boma lake. Naunga mkono, ila kwa shingo upande. Makabati ya vioo yatazinduliwa kwa utepe, wanafunzi wataletwa kwa basi, kisha unyevu wa Rungwe utaanza kula mianzi, mikeka na ngozi. Naye diwani atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini fedha hizo hazikwenda kwenye zahanati.

Kinachotuponyoka ni habari za watengenezaji. Rejista za enzi ya ukoloni kwa kawaida zilimtaja aliyekusanya, mfinyanzi hakuandikwa. Je, sisi tuna nafuu? Chungu cha Kisi hufinyangwa na wanawake wa Ikombe, wilaya jirani ya Kyela, bila gurudumu, kikapakiwa mtumbwini hadi Matema, kisha kikapanda milima. Mnunuzi wa Tukuyu anajua bei na ukubwa wake, basi. Tunamlaumu Mjerumani huku tukirudia kosa lake, japo sisi walau tunalipa.

Ningeanza na chumba kimoja na mtunza kumbukumbu anayeshinda magulioni na kamera na daftari. Mafundi walipwe kufundisha vijana hapo hapo, na kazi zao ziuzwe zikiwa na majina yao. Picha za vitu vya Herrnhut ziombwe, wazee waziangalie na kueleza kipi kilitumika wapi, na nani aliruhusiwa kukishika.

Wapo watakaosema picha zitakuwa kisingizio cha kutorudisha vitu vyenyewe. Hofu hiyo ina uzito. Lakini ombi la kurudishiwa kitu hukataliwa kwa urahisi mwombaji anapokijua kwa namba ya rejista tu. Akikijua kwa jina, kwa matumizi na kwa ukoo kilikotoka, mazungumzo hubadilika. Ndiyo maana bajeti ya kwanza ningeipeleka kwenye posho za wazee na mafundi, saruji ikasubiri.