Chawa na kichwa chake

Wiki hii nawaandikia kutoka Mkoani, niko kwenye mazoezi ya kufundisha. Somo ni kejeli, na nimewachagulia wanafunzi Mfaransa mmoja, Honoré Daumier, aliyezaliwa Marseille mwaka 1808, mtoto wa fundi wa vioo.

Jamaa alikuwa akichora juu ya jiwe kwa chaki ya mafuta, kisha jiwe linapakwa wino na kupigwa chapa nakala kwa nakala. Mwaka 1832 alifungwa kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe akimeza fedha za raia. Mwaka 1835 sheria ikabana vibonzo vya siasa. Basi akamwacha mfalme, akachora marafiki wawili.

Kati ya 1836 na 1838 gazeti la Le Charivari lilitoa picha 100 za Robert Macaire, tapeli aliyevaa kibwana: leo mwenye benki, kesho wakili. Pembeni yupo Bertrand, mwembamba, nguo kuukuu, mdomo wa kuitikia tu. Katika picha ya kwanza Macaire anapanga kufungua benki yenye mtaji usiosemeka. Bertrand anauliza, na polisi je? Anajibiwa kwamba milionea hakamatwi.

Kwetu kejeli hii si ngeni. Wakubwa zetu waliosoma gazeti la Sani wanamkumbuka Ndumilakuwili, na Lodi Lofa, lofa mwenye jina la ulodi. Siku hizi Bertrand tunamwita chawa, tunacheka, basi.

Hapo ndipo mie sikubali. Neno chawa linamcheka maskini peke yake. Kile kichwa anachokalia kinasalimika. Daumier aliwatia wote wawili katika picha moja.

Tazameni dakhalia zetu. Mwenye pesa anaandikiwa kazi zake za darasani, mwenziwe anapata chipsi na vocha, nao wanaitana ndugu. Ndugu gani huyo ambaye kila siku wewe ndiye unayeandika na yeye ndiye anayetia jina? Na sie ni walimu watarajiwa! Yule asiyejua kitu atapewa chaki na darasa zima, pengine hapa hapa Mkoani, mbele ya mtoto wa mvuvi ambaye hana pesa ya tuisheni.

Urafiki wa tajiri na maskini upo, tena mzuri. Kaa naye, mfundishe mpaka aelewe. Lakini kalamu yako usimpe.

Haya, kengele imelia, nakimbilia darasani. Wiki ijayo, inshallah.