Jino la Mtoto Huchongwaje Kabla ya Kuvishwa Kofia ya Kauri?

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia barua yenye machungu. Mwanawe, mvulana wa miaka mitano, ana magego mawili yaliyooza na jino moja la mbele lililobaki kigutu. Daktari alimweleza kwamba meno hayo yangeweza kuvishwa kofia nyeupe za kauri, lakini kwanza sharti yachongwe. Aliposikia neno hilo "kuchongwa", mama alimshika mtoto mkono wakatoka. "Nilipe pesa zote hizo ili jino la mwanangu likatwe, na kesho kutwa ling'oke lenyewe?" ananiuliza.

Simlaumu. Nami niliwahi kusema maneno kama hayo. Gego la binti yangu lilipooza akiwa na miaka 6, niliagiza ling'olewe, nikiamini kwamba jino la utotoni ni la kupita tu. Gego la nyuma yake likasogea mbele, na jino la ukubwani lilipotaka kuota halikupata pa kukaa. Limechomoza kando kama mgeni aliyekosa kiti. Gego la pili la utotoni hung'oka mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12. Maana yake ni kwamba yule mvulana wa Umoja huenda akalihitaji kwa miaka mitano au zaidi. Jino la mbele ni habari nyingine, kwani hilo huaga kati ya miaka 6 na 8.

Sasa tuje kwenye huko kuchongwa. Kofia za chuma kisichoshika kutu zimetumiwa kwa meno ya watoto tangu mwaka wa 1950 hivi. Chuma hicho ni chembamba na hunyumbuka. Daktari hukibana kingo kwa koleo ndogo, kisha hukisukuma kikalikumba jino kama kifuniko cha mkebe. Za kauri, zinazotengenezwa kwa zirkonia, zilianza kuuzwa kwa ajili ya watoto miaka mingi baadaye, karibu mwaka wa 2010. Zirkonia ni ngumu mno na haipindiki. Ukiilazimisha, yaweza kupata ufa. Kwa hivyo jino ndilo linaloifuata kofia, wala si kofia kulifuata jino, na hiyo ndiyo sababu huchongwa zaidi.

Mtoto hupigwa picha ya eksirei, akapakwa dawa ya kufisha ufizi, kisha akadungwa sindano ya ganzi. Daktari huchagua kofia kabla ya kugusa jino, kwani huja zimeshatengenezwa kwa ukubwa mbalimbali. Halafu huondoa uozo na kupunguza gego kwa juu kiasi cha milimita 1.5 hadi 2, na kulizunguka pande zote kwa milimita moja hivi, maji yakitiririka ili jino lisipate joto. Kazi ngumu i chini. Ukingo wa jino huchongwa kuteremka milimita 1 au 2 ndani ya ufizi, ukawa mwembamba pasipo ngazi yoyote, maana kijingazi kidogo tu hutosha kuizuia kofia isikae. Kofia yapaswa kuingia bila kusukumwa kwa nguvu.

Hapo ufizi hutoka damu, na wazazi wengi ndipo wanapobabaika. Damu hiyo ni ya kawaida, lakini sharti ikomeshwe na kofia isafishwe kabla ya kubandikwa, kwa sababu damu na mate huidhoofisha gundi. Ndiyo maana mtoto asiyeweza kutulia kitini si wa kuharakishiwa kofia ya kauri.

Hofu ya yule mama haikukosa msingi. Gamba la nje la jino la utotoni ni jembamba, kama nusu ya lile la mtu mzima, na kiini chake, ambamo mna mishipa ya damu na ya fahamu, ni kikubwa na kiko karibu na nje. Mkono ukiteleza, au uozo ukiwa umefika mbali, kiini hufikiwa. Hapo daktari huenda akaondoa sehemu ya juu ya kiini na kuweka dawa kabla ya kofia. Muulize mapema: "Uozo umefika wapi? Kiini kikifikiwa utafanya nini, na gharama itaongezeka kwa kiasi gani?" Daktari anayechukizwa na maswali hayo, tafuta mwingine.

Kwa maoni yangu, mama, magego ya nyuma yavishwe chuma. Hakipendezi, lakini ni nani atakayeyaona? Ni nafuu kwa bei, na huchongwa kidogo. Tena kuna njia ya Daktari Norna Hall wa Uskoti, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2006: kofia ya chuma hubandikwa juu ya gego bila kuchonga wala sindano, mradi kiini hakijaathirika na hakuna usaha. Uliza kama magego ya mwanao yanafaa. Kauri ningeiweka mbele, panapoonekana, ikiwa sehemu ya jino iliyosalia inatosha kuishika kofia. Kigutu kikiwa kifupi mno, heri king'olewe kuliko kutupa pesa.

Na tafadhali usimtishe mtoto nyumbani kwa kumwambia, "Ukilia daktari atakudunga!" Mpeleke asubuhi akiwa amelala vya kutosha. Akitoka, mchunge kwa saa mbili au tatu asitafune mdomo wake, kwa kuwa ganzi humfanya audhani si wake. Ufizi waweza kuuma siku moja au mbili, lakini apigwe mswaki vivyo hivyo, hasa pale kofia inapokutana na ufizi.

Kofia ikitoka, iweke katika kikopo safi umrudishie daktari. Usijaribu kuibandika kwa gundi ya viatu, kama alivyofanya jirani yangu mmoja. Ikikaa salama, siku jino litakapong'oka itatoka nalo.