Magari ya zamani Kigali: Kipimo cha moshi kinapima umri au matunzo?

Tangu Agosti 2025, gari linalofikishwa kwenye ukaguzi nchini Rwanda halitazamwi tena breki, taa na usukani pekee. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Rwanda, REMA, kwa kushirikiana na Polisi ya Taifa, imeongeza kipimo cha moshi katika ukaguzi huo, ambao wakazi wengi wa Kigali huuita kontorole. Msingi wake ni sheria ya mwaka 2016 ya kulinda ubora wa hewa, na sababu yake haina ubishi mkubwa. Kigali ni mji wa vilima na mabonde, na moshi wa magari hutuama mabondeni, ambako watu huishi, husoma na kufanya biashara.

Ubishi uliopo ni kuhusu magari ya zamani: Corolla za miaka ya 1980 na 1990, RAV4 za toleo la kwanza, Peugeot 504 iliyorithiwa kwa mzazi, Volkswagen yenye umbo la kobe. Je, mwenye gari la aina hiyo anaambiwa aliuze kama chuma chakavu, au anaambiwa alitunze? Kwa upande wa ufundi, jibu liko karibu zaidi na la pili. Mashine huchunguza kinachotoka kwenye bomba la moshi, na kwa injini ya zamani kinachotoka humo hutegemea sana kazi ndogondogo ambazo mwenye gari aweza kuzifanya uani kwake, au kuzipuuza.

Gari la kazi, si la maonyesho

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huliita gari la kihistoria lile lililotimiza angalau miaka 30, lililohifadhiwa katika hali yake ya asili na lisilotumika kwa usafiri wa kila siku. Ujerumani huyapa magari ya umri huo, yakiwa katika hali nzuri, namba maalumu yenye herufi H. Uingereza, tangu Mei 2018, haiyalazimishi mengi ya magari yaliyopita miaka 40 kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka.

Misamaha hiyo ina mantiki huko kwao, kwa kuwa gari la namna hiyo hutoka mara chache, aghalabu Jumapili ya jua. Kigali hali ni nyingine. Gari la miaka 35 huwapeleka watoto shuleni, hubeba magunia ya sokoni na hupanda mlima wa Nyamirambo kila siku. Mwenye gari kama hilo hawezi kudai msamaha wa kale huku akitoa moshi wa leo. Njia iliyo wazi kwake ni kulifanya gari lifaulu.

Hewa nyepesi ya milimani

Hapa jiografia ina neno lake. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli ili iunguze vizuri. Magari ya kisasa yana vihisio na kompyuta vinavyorekebisha uwiano huo vyenyewe. Kabureta haina kompyuta. Iliyorekebishwa kwa hewa nzito ya Mombasa au Dar es Salaam, ikifika Kigali itaendelea kumimina petroli ilhali hewa imepungua. Matokeo yake ni moshi mweusi, harufu kali, petroli inayokwisha upesi na gesi ya kaboni monoksidi, ambayo ni miongoni mwa zinazotafutwa na mashine za kupimia moshi.

Tiba yake mara nyingi haihitaji injini mpya. Chujio la hewa lililoziba huongeza tatizo, na kulibadilisha ni kazi ya dakika chache. Plagi zikitolewa husimulia hali ya ndani: nyeusi yenye masizi makavu ni dalili ya petroli kuzidi, yenye majimaji ya oili ni dalili ya oili kupenya, na ya rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Kwa injini nyingi za zamani, mwanya wa pointi huwa karibu milimita 0.4, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha gari husika. Baada ya hapo ndipo skrubu ya mchanganyiko kwenye kabureta huguswa, injini ikiwa imepata moto, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Moshi wa buluu ni habari nyingine. Huonyesha kwamba oili inaungua, ama kwa sababu ya ringi za pistoni zilizolika au sili za valvu zilizokauka. Kumimina oili nzito zaidi siku moja kabla ya ukaguzi ni kuficha maradhi, na kazi hiyo yafaa ipelekwe kwa fundi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huashiria maji ya radieta kupenya ndani, mara nyingi kwa gasketi iliyoungua.

Kuna pia urithi wa petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, hatua iliyowaokoa watoto wengi na sumu. Hata hivyo, injini zilizoundwa kabla ya mabadiliko hayo, ambazo viti vyake vya valvu ni vya chuma laini, zilikuwa zikilindwa na risasi hiyo. Siku hizi viti hivyo hulika taratibu na mwanya wa valvu hupungua bila kelele yoyote. Anayeupima mara kwa mara atagundua mapema; asiyeupima ataambiwa na fundi kwamba valvu imeungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Breki, mteremko na jeki

Moshi ukipita, breki bado zinangoja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kwenye mteremko mrefu unyevu huo huchemka na kanyagio likazama hadi chini. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo kwa mji usio na barabara nyingi za tambarare. Vitambaa vya breki vya zamani huenda vina asbesto, hivyo vumbi lake halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu, bali hulowanishwa na kufutwa.

Nyua nyingi za Kigali nazo zina mteremko. Jeki pekee haitoshi. Gari huzuiwa magurudumu kwa vigingi, huegemezwa juu ya stendi za chuma, na hakuna anayeingia chini yake kabla ya kulitikisa na kuhakikisha halisogei.

Spea na upande wa usukani

Rwanda huendesha upande wa kulia, kama Burundi na Kongo. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Tofauti hiyo huonekana mtu anapotafuta spea. Injini, giaboksi au radieta iliyotoka Kampala yaweza kufaa, lakini mfumo wa usukani na dashibodi havifai. Taa za mbele huwaponza wengi zaidi: taa iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto huelekeza mwanga wake kushoto, na katika barabara za Rwanda humwaga mwanga machoni mwa dereva anayekuja. Ndiyo sababu spea zilizotumika kutoka nchi za Ghuba, ambako usukani uko upande uleule kama Rwanda, zina thamani yake.

Oili humwagwa wapi?

Kutengeneza gari nyumbani kuna upande wake mbaya, nao si wa kufumbiwa macho. Gatsata ilijulikana kwa miaka mingi kwa gereji zake kando ya bonde la Nyabugogo, na serikali imekuwa ikiondoa viwanda na gereji katika ardhioevu za jiji. Itakuwa hasara ikiwa oili iliyozuiwa kumwagwa bondeni itahamia kwenye mitaro ya nyumbani, kwa kuwa mfereji wa Biryogo na bonde la Nyabugogo humaliza safari mahali pamoja: mto Nyabarongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Viktoria. Oili chakavu hutiwa kwenye jerikani yenye kifuniko na kukabidhiwa gereji yenye utaratibu wa kuikusanya. Betri ya zamani, yenye risasi na tindikali, haivunjwi uani.

Ujuzi nao huzeeka

Katika historia ya Rwanda, Waswahili wa Biryogo na Nyamirambo walijulikana kwa biashara, udereva na ufundi wa magari. Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, lakini maneno kama spana, breki na fundi yalikuwa yamezoeleka gerejini muda mrefu kabla ya hapo.

Ujuzi huo sasa unapungua wenye kuurithi. Fundi kijana hufunzwa kusoma hitilafu kwenye kompyuta, na magari ya umeme yalipunguziwa kodi mwaka 2021. Ni mwelekeo unaoeleweka. Lakini mtu anayejua kurekebisha kabureta kwa kusikiliza mara nyingi ni mzee asiye na cheti, na akiondoka bila mwanafunzi, magari yaliyoweza kufaulu yatashindwa kwa kukosa mkono wa kuyarekebisha. Nchini Kenya, maonyesho ya Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970 na mbio za magari ya zamani za Safari Classic zilizoanza mwaka 2003 yameendelea kuwapa mafundi wa aina hiyo kazi na heshima.

Kipimo kipya chaweza kusaidia pale ambapo sikio la fundi lina mipaka. Mwenye gari akiomba takwimu za moshi wake, badala ya kuridhika na jibu la amefaulu au ameshindwa, atakuwa na cha kumwonyesha mzee na kijana kwa pamoja. Daftari la gharama ndogo, lenye tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na takwimu za kila ukaguzi, litaonyesha kama gari linachoka au linatunzwa, na litamwambia mmiliki mapema ni lini wakati wa kuachana nalo umefika kweli.