PIPA TUPU SI TUPU



Ndugu zetu wa Olkaria wametuomba tuandike habari ya moto na gesi kazini. Papo hapo wengine wameuliza, mtu wa reli ajua nini juu ya visima vya mvuke? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba mvuke ulikuwa kazi ya reli zamani kabla haujawa kazi ya Olkaria. Wazee wetu waliochochea moto wa injini za Garratt kupanda na kushuka bonde hili walikuwa na hofu moja kubwa, nayo ni maji kupungua ndani ya boila. Kwa sababu hii paliwekwa kizibo cha risasi juu ya chumba cha moto. Maji yakipungua sana risasi iliyeyuka, mvuke ukamwagikia moto ndani, na watu wakapata onyo kabla boila haijapasuka. Mzee mmoja alituambia kwamba ile risasi ilikuwa na akili kuliko dereva, kwa maana risasi haizoei kazi.

Neno hilo ndilo tunalotaka kulisema leo. Mgeni wa kazi huogopa. Anayeumia mara nyingi ni yule aliyekwisha kuzoea.

Olkaria walianza kutoa stima kwa mvuke wa ardhini mwaka 1981, kwa mtambo mmoja wa megawati 15, na tangu hapo mitambo imeongezeka sana. Mvuke ule hauna moto ambao mtu aweza kuuondoa chini yake kama tulivyofanya sisi katika injini. Maji yaliyo chini huko yana joto la kupita digrii 200, nayo hayachemki kwa sababu yamebanwa. Yakipata mwanya hugeuka mvuke mara moja, na maji yakigeuka mvuke hutanuka kiasi cha mara 1,600. Basi bomba likipasuka si kama bomba la nyumbani linalovuja. Tena bomba lililolala baridi lina maji ndani yake. Ukilifungulia mvuke kwa haraka, maji yale husukumwa mbele na kupiga kona ya bomba kama nyundo, hata chuma kinene hupasuka. Maji sharti yatolewe kwanza, na vali ifunguliwe polepole, hata kama nyapara amesimama nyuma yako akitazama saa.

Lakini mvuke husikika. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kile kitu kinachokuja pamoja nao. Kila aliyepita Olkaria anaijua harufu ya yai viza. Hiyo ni gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Watu husema, "Mimi nitajua ikizidi, pua yangu inafanya kazi." Ndugu, hapa ndipo penye mtego. Gesi hii ikiwa kidogo sana pua huitambua. Ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni ya hewa, pua hufa ganzi, wala husikii harufu tena. Mtu hudhani hewa imesafika, kumbe gesi imeongezeka. Ikiongezeka mara kadhaa kuliko hapo, yaweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache tu. Tena ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia mashimoni, katika mitaro na katika lile shimo linalozunguka kichwa cha kisima, mahali ambapo fundi huinama kufanya kazi. Na ikikusanyika, inashika moto. Pamoja nayo iko gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo nzito, isiyo na harufu kabisa, ambayo hufukuza hewa ya kupumua.

Kwa hiyo pua si chombo cha kazi. Chombo cha kazi ni kipima gesi, tena kilichojaribiwa asubuhi ile ile, si kile kilichofungiwa ofisini ili kisichakae. Na mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Twajua ni neno gumu, maana ni nani atamwacha rafiki yake amelala pale? Lakini katika mashimo ya namna hii wa pili kufa huwa ndiye mwokozi, na wa tatu ni mwokozi wa mwokozi. Mwanaume wa kweli ni yule aliyehakikisha tangu mwanzo kwamba mwenzake amefungwa mkanda na kamba, na kwamba yuko mtu juu wa kuivuta.

Sasa turudi kwetu, maana na sisi tumezoea mambo yetu. Mwandishi wa maneno haya aliona kwa macho yake, katika karakana ambayo hatutaitaja, kijana akipewa pipa la dizeli alikate vipande viwili. Pipa lilikuwa limekaa juani wiki nzima bila kifuniko. Mtu mmoja alipiga ubavu wake kwa nyundo, likalia ngo, akasema ni tupu. Mwingine akasema dizeli haishiki moto upesi kama petroli. Maneno yote mawili yalikuwa kweli, na kijana akawasha moto wa kukatia. Yale masizi ya mafuta yaliyoganda chini yalipata joto yakageuka kuwa mvuke wa mafuta, ukachanganyika na hewa iliyomo, na pipa likalipuka. Mfuniko wa chini ulimpiga begani na moto ukamwunguza uso. Yu hai, lakini ana jicho moja. Aliyempa kazi ile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekata mapipa mengi kwa namna hiyo hiyo pasipo kudhurika.

Pipa lililojaa mafuta lina hewa kidogo. Lile mnaloliita tupu ndilo lenye mvuke wa mafuta na hewa pamoja, yaani baruti tayari, linangoja cheche. Ni vivyo hivyo kwa behewa la tangi, kwa tangi la lori, hata kwa debe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza kuchomelea au kukata tangi lililowahi kuwa na kitu cha kushika moto mpaka kitu hicho na mvuke wake vimeondolewa au vimefanywa visiweze kulipuka. Sheria haisemi mpaka lipigwe kwa nyundo.

Wala mtu asidhani kwamba mafuta ni hatari ya karakana peke yake. Huko Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya 100 waliangamia walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Huko Karai, Naivasha, Desemba 2016, lori lililobeba kitu cha kushika moto liligonga magari mengine usiku, na watu yapata 40 wakateketea, wengi wao wakiwa safarini tu. Mvuke wa petroli hutambaa chini mbali na pale palipomwagika, hivyo aliyesimama kando na sigara yake naye yumo.

Jambo la mwisho ni la haki zetu, na hapa tuna malalamiko. Sheria hiyo ya 2007 yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, nao wafanyakazi wawe na wajumbe wao. Tena yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu sharti amwarifu msimamizi wake, na hatari ikiwa bado ipo mwenye kazi hawezi kumlazimisha arudi pale. Ni maneno mazuri. Lakini kibarua aliyeajiriwa jana na mkandarasi, ambaye jina lake litakatwa Jumamosi, atamwarifu nani? Yeye ndiye anayetumwa kusafisha mtaro, kufagia tangi na kushika taa wakati fundi anapochomelea. Hana kipima gesi na hakupata mafunzo, na katika kamati hana mtu wa kumsemea. Nasi wenye kazi za kudumu tumekaa kimya, maana zamu hiyo ya shimoni ilikuwa yetu kabla hajaja yeye.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa kila karakana, stesheni na kituo cha mvuke mlete ofisi ya tawi mambo haya kabla ya mkutano ujao: majina ya wajumbe wa kamati yenu ya usalama, au neno "hakuna" kama hakuna, idadi ya vipima gesi vinavyofanya kazi, na ni nani anayeshika ufunguo wa mahali vinapowekwa, na idadi ya vibarua wanaoingia mashimoni na kwenye matangi. Asiyejua kuandika vizuri aje aseme kwa mdomo, tutamwandikia.