MASHINE YA UONGO: WAKWELI WANASAKAMWA, WASALITI WANAPETA!

SERIKALI ya Marekani inajua kuwa mashine ya kupima uongo si ya kuaminika. Imekwenda hadi mahakamani kusema hivyo. Lakini ukiomba kazi ya usalama katika serikali hiyo hiyo, unafungwa waya kwanza! Huo ni unafiki, na leo tuuite kwa jina lake.

Tuanze na sheria. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, Rais Ronald Reagan akaitia saini, kuyakataza makampuni binafsi kuwapima wafanyakazi na waombaji kazi kwa mashine hiyo. Yaliachwa machache tu, kama ya ulinzi na ya dawa. Na nani mwingine alijitoa? Serikali yenyewe! Mwenye duka akimfunga waya karani, ni uonevu na anaburuzwa kortini. CIA, NSA na FBI, ruksa! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya askari wa Jeshi la Anga aliyeshitakiwa kutumia dawa za kulevya. Askari huyo alipimwa kwa mashine na wapelelezi wa jeshi lenyewe, ikaonyesha kuwa hakudanganya. Alipotaka kulitumia jibu hilo kujitetea, serikali ikakataa, ikidai mashine haiaminiki. Mahakama ikakubaliana na serikali. Sasa tunauliza: mashine isiyofaa kumwokoa mshitakiwa, inafaaje kumnyima kijana ajira?

Ndugu msomaji, usitishwe na jina la mashine. Hakuna chombo kinachoona uongo. Mwombaji anafungwa mikanda kifuani, mpira wa kupimia shinikizo la damu mkononi, na vibati vidoleni. Kinachopimwa ni pumzi, damu na jasho. Mwenye hofu hutoka jasho hata akiwa mkweli. Mwongo mzoefu hutulia tuli. Babu zetu walikuwa na kiapo cha shoka la moto: ukiungua, una hatia. Tofauti ni nini, isipokuwa hii ya leo inatumia umeme?

Hesabu ipo. Mwaka 2003 wataalamu wa Baraza la Taifa la Utafiti, kwa kazi waliyopewa na serikali yenyewe, walitoa mfano wa wafanyakazi 10,000 ambao 10 kati yao ni majasusi. Ukiikaza mashine iwanase majasusi 8, itawaangusha pamoja nao watu safi wapatao 1,600, na majasusi 2 watapita. Ukiilegeza ili wasio na hatia wasizidi 40 hivi, majasusi 8 watapita wakicheka!

Na wamepita kweli. Aldrich Ames wa CIA alianza kuwauzia Warusi siri mwaka 1985. Alipimwa mwaka 1986, akapita. Alipimwa tena mwaka 1991, akapita! Watoa habari aliowataja waliuawa. Alikamatwa mwaka 1994 tu. Ana Montes, aliyekuwa akiipelekea Kuba siri za idara ya ujasusi wa kijeshi, alipita mwaka 1994 na kuendelea na kazi yake hadi alipokamatwa mwaka 2001.

Wakati wasaliti wanapeta, walalahoi wanakatwa. Sheria ya mwaka 2010 ilitaka kila mwombaji wa kazi ya askari wa forodha na mipaka apimwe. Kufikia mwaka 2017 iliripotiwa kuwa waombaji wapatao wawili kati ya watatu walikuwa wakishindwa. Je, theluthi mbili ya vijana wanaotaka kuilinda nchi yao ni wahalifu? Hata mtoto mdogo hawezi kukubali!

Wakubwa watajitetea kuwa mashine huwafanya watu wakiri. Sawa. Lakini anayekiri anakiri kwa hofu, si kwa sababu mashine imeona kitu. Na asiye na la kukiri afanye nini? Abuni kosa?

Kikulacho ki nguoni mwako. Ames alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu na kuendesha gari la Jaguar, yote kwa mshahara wa serikali! Waliomchunguza walikuwa wakisoma jasho lake badala ya kusoma akaunti zake benki. Akaunti ndizo zilizokuja kumuumbua.

Tunasema hivi: ulinzi aliopewa karani wa duka mwaka 1988 apewe pia anayeomba kuitumikia nchi. Mtu achunguzwe kwa mienendo, madeni, mali na marafiki zake. Asinyimwe kazi kwa sababu tu moyo wake ulidunda alipoitwa mwongo. Moyo wa nani usingedunda?