Tetemeko la Bukoba liingie darasani

Na Mwanaidi Sekibo

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, ardhi ya Bukoba, mkoani Kagera, ilitikisika. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, na chanzo chake kilikuwa kilomita kama 40 chini ya ardhi. Watu 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba ama zilianguka ama zilibaki na nyufa. Shule mbili kongwe za sekondari, Ihungo na Nyakato, ziliharibika vibaya kiasi cha kufungwa, na wanafunzi wakarudishwa makwao.

Mtu angedhani kwamba tangu siku ile mwalimu wa jiografia akifika kwenye mada ya matetemeko, awe Bukoba, Nakuru au Kampala, neno lake la kwanza litakuwa Ihungo. Lakini madarasa mengi bado yanaanza na fasili. Tetemeko ni nini, kitovu ni nini, taja sababu tano, eleza athari sita. Mifano inatoka Japani, San Francisco na Vesuvius. Kwa kuwa somo lenyewe linafundishwa kwa Kiingereza, mwanafunzi anameza sentensi nzima nzima kama zilivyo, anazitema kwenye karatasi ya mtihani, na wiki mbili baadaye hazimo kichwani.

Japani haina kosa. Ila mtoto anayekaa juu ya Bonde la Ufa hana sababu ya kuvuka bahari kutafuta mfano.

Chukua suala la ukubwa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Kwa macho ya haraka, 6.8 na 5.9 ni namba zinazokaribiana. Lakini kila hatua moja ya kipimo hicho ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo tetemeko la Tanganyika liliachia nishati zaidi ya mara 20 ya lile la Kagera. Hata hivyo, waliokufa mwaka 2005 walikuwa wachache kuliko wa Bukoba. Kwa nini? Hapo ndipo somo linapoanza, na mwalimu anyamaze kidogo awaache wanafunzi wabishane: umbali wa miji kutoka kwenye kitovu, wingi wa watu, aina ya udongo, matofali yaliyofungwa kwa tope badala ya saruji, kuta zisizo na nguzo wala renta. Wakishabishana vya kutosha, wapewe Haiti na Chile. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0 na watu zaidi ya laki moja wakafa. Wiki chache baadaye Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nishati mara 500 hivi ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa mamia. Chile ilikuwa na sheria kali za ujenzi zinazofuatwa. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyelielewa hilo anaweza kumuuliza baba yake, anayejenga nyumba mwezi huu, kama ameweka nondo kwenye renta.

Kisha kuna hesabu, ambayo walimu wengi huiruka. Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili kubwa kupitia ndani ya ardhi: yale ya msingi, yanayokwenda kasi ya kilomita sita hivi kwa sekunde, na yale ya pili, ya kilomita tatu na nusu hivi. Ni kama radi: mwanga unaanza, ngurumo inafuata, na anayehesabu sekunde za katikati anajua radi iko umbali gani. Kwa tetemeko lisilo mbali sana, zidisha sekunde hizo kwa nane upate kilomita. Chombo kikionyesha tofauti ya sekunde 25, kitovu kiko umbali wa kilomita kama 200, ila hujui ni upande gani. Vituo vitatu vikishapatikana, chukua bikari, chora duara tatu kwenye ramani, na zinapokutana ndipo penyewe. Ramani, bikari na penseli vimo katika shule nyingi. Kwa nini zoezi hili lisifanyike kila mwaka ni jambo la kushangaza.

Upande wa volkano ndiko utajiri ulipo hasa. Vitabu hugawa lava katika makundi mawili: nzito yenye silika nyingi na nyepesi yenye silika kidogo. Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, inauvuruga mgawanyo huo. Ndiyo volkano pekee duniani iliyoshuhudiwa ikitoa lava ya kaboneti ya sodiamu na potasiamu, isiyo na silika ya kutajika. Joto lake ni nyuzi 500 na kitu, wakati lava ya kawaida ya Hawaii hupita nyuzi 1,100. Hutiririka ikiwa nyeusi, kisha ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Wanasayansi wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuutazama mlima huo, na mwanafunzi wa Arusha anausoma katika mstari mmoja wa kitabu, pale panapotajwa mifano ya volkano hai.

Julai 2007 matetemeko yalifululiza karibu na Lengai, jirani na mlima Gelai, na Nairobi watu wakakimbia kutoka kwenye maghorofa. Septemba mlima ukalipuka kwa majivu. Tukio hilo moja linatosha kuonyesha kwamba matetemeko na volkano, ambavyo mtaala huviweka katika sura tofauti, chini ya ardhi vinaweza kuwa kitu kimoja: magma ilikuwa inajipenyeza kwenye miamba na kuipasua.

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, nao unahitaji kipindi chake. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege ya uwanja wake. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ikatoka tena, ikasimama karibu na uwanja huohuo. Mwaka huo baadhi ya waliokufa hawakuguswa na lava kabisa. Walikufa katika ajali za barabarani wakikimbia gizani. Watoto wa huko pia wanaishi na mazuku, kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde, ikiua mbuzi na wakati mwingine binadamu, kwa sababu ni nzito kuliko hewa na haionekani. Kemia na jiografia zinakutana hapo bila kulazimishwa.

Walimu watajibu, na wana haki, kwamba darasa lina wanafunzi 80, hakuna chombo cha kupimia mitetemo, na mtihani unauliza fasili. La vyombo si kikwazo kikubwa tena, maana takwimu za kila tetemeko duniani ziko wazi kwenye intaneti. La mtihani ndilo zito, na haliko mikononi mwa mwalimu. Baraza la Mitihani la Tanzania na lile la Kenya yanaweza kulitatua kwa swali moja: ramani ya Afrika Mashariki, vituo vitatu, sekunde za kila kimoja, tafuta kitovu na eleza kwa nini mji wa karibu uliumia au ulinusurika.

Wakati swali hilo linasubiriwa, shule za Kagera zinaweza kuifanya tarehe 10 Septemba ya kila mwaka kuwa siku ya zoezi: kuinama, kujikinga chini ya dawati, kushikilia mguu wake hadi mtikisiko uishe, kisha kutoka nje bila kusukumana. Dakika kumi zinatosha, na halihitaji bajeti.